Uzi Mwekundu kwenye Taji la Malkia

Fundi cherehani alikuwa ameshona suti ya safari kabla hajaipata safari yenyewe. Mshindi wa meza ile ya sataranji ndiye angekwenda kwenye mashindano makuu. Mshindwa angebaki nyumbani. Na mpinzani wake alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, kinyozi mwenye ulimi mkali kuliko wembe wake.

"Cheki!" kinyozi alisema, akimtua malkia pua kwa pua na mfalme wa fundi. "Shemeji, hiyo suti niazime mimi. Mabega tunalingana."

"Na tumbo je?"

"Nitalivuta ndani."

Watazamaji wakaangua kicheko. Fundi aliinamisha kichwa, akaomba kimoyomoyo: Ee Mungu, sikuombi ushindi, maana hata shemeji ni kiumbe chako. Nipe macho tu, nione.

Akafumbua macho. Akaona uzi.

Uzi mwekundu, mrefu kama kidole, unaning'inia kwenye taji la malkia. Mkono uliozoea kunyofoa nyuzi kwa miaka ishirini haukungoja ushauri wa akili. Ukaunyofoa.

"Amegusa!" Kinyozi aliruka hadi kiti kikaanguka. "Mwamuzi! Amegusa kete yangu!"

"Nilikuwa natoa uzi tu, shemeji."

"Sheria ni msumeno! Apewe onyo!"

Mwamuzi, mwalimu mstaafu, alivaa miwani taratibu. "Ukigusa kete ya mwenzako, lazima uile, kama inalika."

"Ataila vipi? Malkia wangu analindwa na askofu, huyu hapa..."

Kidole cha kinyozi kikabaki hewani. Askofu alikuwa upande wa pili wa ubao, alikopelekwa na kinyozi mwenyewe, kwa uroho, kula askari mmoja.

Fundi, aliyekuwa amekwisha kupanga kumkimbizia mfalme wake kwenye kona, alimla malkia kwa mikono miwili kama anayepokea zawadi. Hatua tisa baadaye kinyozi alimlaza mfalme wake chini.

"Msumeno hukata mbele na nyuma," mwamuzi alimkumbusha.

Kinyozi hakumsikia. Alikuwa akiutazama ule uzi, kisha mkono wa koti lake jekundu. "Shemeji, hili koti si ulinishonea wewe? Linafumuka tangu siku ya kwanza!"

"Lilete dukani," fundi alisema, "nikirudi safari."

Akamshukuru Mungu kwa yale macho. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akatubu kwa ile mishono.