Rangi ya Wageni

Fundi rangi alipaka ukuta wa sebule kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukupanda tena juu ya bega tangu jukwaa la kazi livunjike naye. Mkewe alishikilia ngazi huku amenuna, maana cherehani yake ndiyo iliyouzwa kununua rangi hiyo.

"Hela hizi tungezipeleka benki," alisema.

"Benki ndiyo iliyosema tupake."

Ni kweli. Afisa mikopo, kijana mpole wa viatu vinavyong'aa, alimkaribisha kiti, akamwita mzee wangu. Benki haifurahii kumnyang'anya mtu nyumba, alimwambia. Watu wakikaa pamoja wanaelewana. Apake rangi, azibe panapovuja, kisha watu waje kuikagua. Wakiridhika, mkopo utapangwa upya, alipe kidogo kidogo mpaka mkono upone. Fundi alitoka pale akipiga mluzi. Kwa miezi alikuwa akiikimbia simu ya benki, na sasa aliona haya kwa kuwadhania vibaya watu wema kiasi hicho.

Rangi ilipokauka, wakaja alasiri: afisa, pamoja na mwanamume na mwanamke waliovaa vizuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mke alikuwa amechemsha chai na kuazima vikombe kwa jirani. Fundi akawatembeza chumba kwa chumba, kifua mbele.

"Ukuta huu haupitishi maji?" mwanamke aliuliza.

"Huu? Plasta nimepiga mwenyewe. Mvua inyeshe itakavyo!"

"Na majirani?"

"Watu wazuri mno. Hata vikombe hivi ni vyao."

Mke aligeuka kumtazama mwanamke yule. Mkaguzi na majirani wapi na wapi? Lakini fundi alishaanza kulisifia bomba la jikoni.

Kwenye chumba cha watoto, mwanamke alimwambia mwenzake, "Hapa atalala mama."

Fundi alicheka, akidhani ni utani. Kisha akamtazama afisa, aliyekuwa akipuliza chai yake.

"Mama gani?"

"Mzee wangu, usichukulie vibaya. Ombi lako wakubwa wamelikataa. Ila bado tunaweza kuelewana. Ukiondoka kwa hiari, hakuna dalali na kipaza sauti, hakuna aibu mtaani. Unasaini tu."

"Wamelikataa lini?"

"Muda kidogo."

"Kabla ya rangi?"

Afisa alikunywa chai.

"Na deni litakwisha?" mke aliuliza.

"Litapungua, mama. Litakalobaki tutakaa, tutaelewana."

Hasira ilimpanda fundi mpaka masikio yakawaka. Angekuwa na mikono miwili mizima angemtoa mtu huyo nje kwa kola. Mwanamke alikuwa anapitisha kidole ukutani.

"Kazi safi. Ila rangi hii siipendi. Nani alipaka?"

"Mimi."

"Basi tukihamia utatubadilishia? Tutakulipa."

Mkewe alimkazia macho, sinia mkononi. Fundi alisikia watoto wakirudi kutoka shule, wakigombania nani aingie kwanza.

"Mnataka rangi gani?" aliuliza.