Plastiki Haimo Kitabuni

Tangu fundi bati apate simu yenye mawaidha, muziki nyumbani kwake ulikufa bila kuugua. Redio akampa jirani. Kengele ya baiskeli akaifunga kitambaa. Binti yake wa mwisho alivumilia yote hayo, ila moja lilimshinda: dada zake watatu walitolewa nyumbani kwa ngoma na vigelegele, yeye atoke kimya kama jeneza?

Akaenda kwa imamu. Imamu akakuna kidevu, akasema wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ala, lakini dufu harusini halina neno. Binti akarudi mbio.

"Dufu ni la ngozi," baba akasema. "La shangazi yako ni la plastiki. Plastiki haimo kitabuni."

"Na simu imo, baba?"

"Usinijibu hivyo wewe!"

Binti akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira kuliko huzuni. Mtu afunge mpaka swaumu za sunna, halafu aadhibiwe kwa ajili ya plastiki!

Asubuhi ya harusi, bibi mzaa baba aliburuta karai kuukuu hadi uani, kwenye karakana ya mwanawe. Lilikuwa limebonyea vibaya.

"Ninyooshee hili, mwanangu. Wageni watanawa wapi?"

Fundi yule angeweza kumpita mtu aliyeanguka, lakini si bati lililobonyea. Akavua kanzu, akashika nyundo. Mbili nzito, tatu nyepesi; ndivyo alivyogonga miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa hiyo ni ngoma. Shangazi akatikisa bega. Wake za majirani wakaingia mmoja mmoja, na punde ua mzima ukawa unayumba.

Nyundo ikasimama. "Mnafanya nini?"

"Tunatazama kazi ya halali," bibi akajibu, jasho likimchuruzika.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na shela lake, gari likimngoja nje, machozi yakimharibia wanja. Alijua baba akiweka nyundo chini, basi ataondoka kimya vilevile.

Baba akamtazama. Kisha akalipapasa karai, ambalo sasa lilikuwa limenyooka kama sakafu.

"Bado lina bonde," akasema.

Akagonga. Binti akatoka akicheza, vigelegele vikimsindikiza. Alipofika langoni karai likatoboka. Baba akaligeuza, akaendelea upande wa pili.