Kufuli kwenye Kopo la Chumvi

Babu yangu ni fundi makufuli, na katika kazi yake yote hakuna kufuli lililompa aibu kama lile alilolifunga mwenyewe kwenye kopo la chumvi la Bibi. Nilikuwepo. Nilikuwa nimerudi kutoka bweni kwa likizo, nikiwa na njaa ya muhula mzima, na ninatoa ushahidi huu kwa uzito unaostahili.

Kwanza ieleweke jinsi viazi vinavyokaangwa kwetu. Bibi haamini chumvi ya kujitilia mezani. Viazi vikitoka kwenye karai, mafuta yakiwa bado yanachezacheza juu yake, anapakua sahani ya kila mtu, anachota chumvi kwa vidole vitatu na kuinyunyiza kutoka juu, kila mmoja kwa kadiri anavyopenda. Yeye mwenyewe hula kwa ndimu tupu. Mimi hutiwa chumvi ya wastani, kisha pilipili ya unga mpaka pua ikiri makosa. Babu alikuwa akitiwa kwa mkono ulioinuliwa usawa wa macho, ili chumvi ienee kila kiazi. Wakati inashuka, wawili hao walikuwa wakitazamana kwa namna iliyomlazimu kijana mwenye adabu kama mimi kuangalia dari.

Kisha muuguzi wa zahanati akampima Babu presha, akatikisa kichwa, akapiga marufuku chumvi ya kuongeza. Babu aliipokea hukumu kiume. Alikula viazi vyake hivyohivyo, akasema chumvi ni mambo ya watoto. Amani ikatawala mpaka chumba cha uani kilipopata mpangaji.

Mpangaji ni kinyozi. Mtu wa makamo, ananukia poda, kola imenyooka, na kodi yake ni pamoja na chakula cha jioni. Siku aliyohamia, Bibi alimuuliza, "Chumvi unapenda vipi, baba?"

"Mama, nikitoka kazini jasho limenimaliza. Usinionee huruma."

Bibi akacheka. Vidole vitatu vikazama kwenye kopo, mkono ukapanda. Ukapanda, ukapanda, ukafika usawa wa macho.

Nilimtazama Babu. Alikuwa ameacha kutafuna. Kiazi kilikuwa kimetulia shavuni mwake kama jino bovu.

Kesho yake aliniita kwenye karakana yake, akarudisha mlango. "Mke wangu," alisema, maana mimi ndiye mke wake mdogo, cheo nilichopewa tangu nikiwa nanyonya. "Hebu nichunguzie. Yule kinyozi anatiwa mara ngapi?"

"Anatiwa nini, chumvi?"

"Kwani nauliza habari za uji?"

Mtu mwema angemtuliza mzee wa watu. Mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa likizo. Nilimwahidi ripoti ya kila siku, kisha nikaenda moja kwa moja uani nikamnong'oneza kinyozi kwamba mpangaji aliyemtangulia alifukuzwa kwa sababu ya kula kimyakimya. "Bibi anapenda kusifiwa," nilimwambia. "Tena kwa sauti. Hasa chumvi."

Kinyozi alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Jioni ile alipokula kiazi cha kwanza alifumba macho, akapiga meza.

"Mama! Mkono huu! Nimekula kwa watu wengi, lakini mkono huu!"

"Acha bwana," alisema Bibi, akijipangusa uso ambao haukuwa na jasho.

"Kidogo tu tena, Mama. Hapa pembeni naona hapakupata."

Mkono ukapanda tena.

"Kula," Babu alimwambia kinyozi. "Vitapoa."

Ripoti zangu, nakiri, zilikuwa na viungo. "Leo kidole gumba kilichelewa kutoka juu ya sahani," nilisema.

"Kilichelewa kikifanya nini?"

"Sijui, mume wangu. Mimi mtoto."

Babu alikuwa akichonga ufunguo wa mteja. Aliusugua kwa tupa mpaka ukabaki hauna jino hata moja.

Jioni moja Bibi alinyoosha mkono kwenye rafu bila kuangalia, kama kawaida yake, akakuta kitu baridi. Akalishusha kopo taratibu. Lilikuwa limetobolewa tundu kwenye mfuniko na jingine ubavuni, na kwenye matundu hayo lilining'inia kufuli la shaba, lile la kufungia milango ya maduka.

"Mzee, hii nini?"

"Kufuli."

"Naona ni kufuli. Linafanya nini kwenye chumvi yangu?"

"Wezi wamezidi."

"Wezi wa chumvi?"

"Wezi," alisema Babu akimtazama kinyozi, "wa kila kitu."

Kinyozi akasimama, kitambaa cha kufutia mikono kikamdondoka. "Mzee wangu, kama shida ni mimi, nitakula bila chumvi. Hata kusifu nilisifu kwa sababu niliambiwa aliyenitangulia alifukuzwa."

"Aliyekutangulia nani?" Bibi aliuliza. "Kile chumba kilikuwa stoo ya mkaa."

Wote watatu wakanigeukia. Niligundua kwamba dari yetu ina mambo mengi ya kuvutia.

"Mke mwenzangu, wewe nitakushughulikia," alisema Bibi. Kisha akamnyooshea Babu kiganja. "Ufunguo."

Babu akautoa kwenye mfuko wa shati.

"Uko nao tangu lini?"

"Asubuhi."

"Na mimi nilishinda sokoni. Kopo limejaa, ufunguo mfukoni, hakuna wa kukuona." Akachukua kiazi kwenye sahani ya Babu, akauma. "Hakina hata chembe!"

"Si muuguzi amekataza?"

"Sasa kama chumvi yenyewe huitaki, unagombea nini?"

Babu akaiangalia mikono ya Bibi, halafu akaiangalia meza.

"Mimi unanisukumia sahani tu," alisema. "Kama paka."

Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi nimewahi kucheka msibani. Bibi akaichukua sahani ya Babu, akavimimina viazi vilivyopoa kwenye sahani ya kinyozi bila hata kumuuliza, akaepua vipya kwenye karai, akavipakua. Kisha akakutanisha vidole vitatu. Vitupu. Kufuli lilikuwa bado limefungwa, nililiona kwa macho yangu. Akauinua mkono hadi usawa wa macho, akavisugua vile vidole polepole juu ya sahani, kila pembe, bila haraka. Hakuna kilichoanguka. Babu alikifuata kisichoanguka kwa macho mpaka kikatua, kisha akayainua macho kwa mkewe.

Akala kimoja. Akatafuna kwa muda mrefu.

"Vipi?" aliuliza Bibi.

"Umezidisha kidogo."

"Utazoea."

Kinyozi alinitazama akitaka maelezo. Nikaiangalia dari. Babu akachukua ufunguo, akalifungua kufuli, akamsukumia kopo. "Jitilie, baba. Mikono unayo."

Nikaona mambo yamekwisha vizuri, nikasogeza sahani yangu. "Bibi, na mimi?"

"Kopo hilo hapo."

"Lakini mimi huwa natiwa!"

"Wanaotoa ripoti hujitilia wenyewe. Na kesho gunia lote la viazi utalimenya wewe."

Nikajitilia. Nikainua mkono usawa wa macho, kitaalamu kabisa, nikanyunyiza. Havikukolea. Nikaongeza. Nikaongeza tena mpaka kinyozi akakohoa kwa niaba yangu. Bado. Upande wa pili wa meza mzee mmoja alikuwa anakula viazi visivyo na chumvi akiwa amefumba macho, na mimi, mke mdogo, kopo zima likiwa mbele yangu, nilimwonea wivu mpaka machozi yakanitoka.

Nilisingizia pilipili.