Nafasi Kati ya Mama na Pacha

Jumatatu asubuhi, katika kiwanda cha kushona sare, fundi wa kompyuta alimaliza kuandika skripti yake, mistari michache tu ya amri. Kompyuta ingesoma orodha ya wafanyakazi na kumfungulia kila mmoja folda, ndani yake faili tupu la mahudhurio. Kazi ikaisha kabla chai yake haijapoa.

Orodha ilifuata majina waliyozoea kuitana: Dereva, Mpishi, Kipara. Mshonaji wa kola, mwenye mabinti pacha, aliandikwa Mama Pacha. Skripti ilipokuta nafasi katikati, ikadhani jina limekwisha. Ikafungua folda mbili, Mama na Pacha.

Kesho yake wakaingia wanawake wawili, gauni lilelile, kikohozi kilekile. Mlinzi akawaambia wapange foleni kama wengine.

Mama alikaa kwenye cherehani ya kola, Pacha kwenye ya vifungo. Zote mbili zilikuwa za Mama Pacha tangu mwenzake wa jirani alipoacha kazi. Taabu ilikuwa kukumbuka. Mama alikumbuka uchungu wa kuzaa, Pacha alikumbuka majina ya watoto. Jioni mume wao aliongeza sahani, akauliza ni nani huwa analala upande wa ukutani. Hakuna aliyekuwa na hakika.

Asubuhi iliyofuata fundi akaja na shikamooni yake, akaomba radhi. Angelizungushia jina alama za kunukuu ili kompyuta ilisome kama moja, kisha afute folda moja. Hakujua ipi.

“Ngoja kwanza,” Pacha alisema. “Binti yetu mmoja anakaribia kujifungua. Mmoja wetu aende, mmoja abaki.”

Likizo ya kwenda kwa binti ilikuwa imekataliwa mara kwa mara, eti hakuna wa kumshikia kazi. Wakaenda kwa meneja pamoja. Meneja aliwasikiliza vizuri, akasema amefurahi kitengo kimepata watu, na ameshaagiza cherehani mbili zaidi.

“Lakini sasa tuko wawili,” Mama alisema.

“Ndiyo. Na kila mmoja ana kazi yake. Nani atamshikia mwenzake?”

Walitoka wakijaribu kuona walikosea wapi katika maelezo, wasipaone.

Alasiri binti akapiga simu kutoka wodini. Mtoto wa kike, wote wazima.

“Mama, unakuja lini?”

Simu ilikuwa katikati yao, juu ya rundo la kola. Kila mmoja alingoja mwenzake ajibu. Mlangoni wapagazi walikuwa wanashusha cherehani, wakiuliza zikae wapi.