Kilichookotwa Kwenye Lami

Baba Geti alikuwa ameshafika kona ya barabara, baiskeli begani kama mtu anayewahisha mgonjwa, ndipo mkewe alipomfikia mbio na kofia ngumu aliyoisahau.

"Kichwa umekumbuka kuja nacho?"

"Kipo."

"Basi kivishe. Na leo mwache kaka yangu apumue."

Alivaa kofia, akashika njia. Huyo kaka ndiye aliyemkosesha usingizi.

Baba Geti alikuwa mchomeleaji, na mageti ya mtaa ule karibu yote yalipita mikononi mwake. Kaka wa mkewe, mwembamba hadi watu wakamwita Sindano, alikuwa fundi baiskeli. Kila mwaka barabara za katikati ya mji zilifungwa asubuhi moja, waendesha baiskeli wakazunguka mtaa wa maduka raundi baada ya raundi, mpaka kengele ya raundi ya mwisho igongwe. Hapakuwa na mwanamichezo wa kulipwa pale. Ni waokaji, makarani na walimu wenye vitambi vilivyobanwa ndani ya nguo za mpira. Sindano alikuwa akishinda, Baba Geti akiwa wa pili, mwaka nenda mwaka rudi, na kila mara Baba Geti alisema kosa ni la baiskeli.

Mwaka huu mambo yaligeuka. Mazoezini alimwacha Sindano kila walipopanda kilima. Halafu, mbio zikikaribia, Sindano akaja mwenyewe mlangoni.

"Shemeji, nipe hiyo baiskeli niitengeneze. Bure."

Bure? Tangu lini paka akampaka panya mafuta? Lakini kukataa mbele ya mkewe kungekuwa kutukana ukoo mzima, basi akaitoa.

Ilirudi inang'aa, mnyororo kimya. Kimya mno. Aliigeuza, akaigonga, akainusa karibu. Alipofika kwenye shingo ya usukani akaijaribu bolti, nayo ikakubali kuzunguka. "Ahaa," akasema peke yake karakanani. Akaikaza mwenyewe, kama anavyokaza bawaba za geti, wala hakumwambia mtu.

Asubuhi ya mbio, mstarini, Sindano alisimama ubavuni mwake. Mara akainama, akagusa shingo ya usukani kwa kidole.

"Shemeji, hii bolti nani amei..."

"Toa mkono!"

"Nasema tu, kichwa chake kime..."

"Angalia ya kwako. Mimi nimeshakujua."

Mwoka mikate aliyekuwa nyuma yao akacheka. "Hawa wanagombea kombe au wanadaiana mahari?"

Filimbi ikalia. Mbio zile hazina nafasi ya kuwaza: kona ya duka la dawa, kona ya benki, kona ya posta, magurudumu yakikaribiana kama meno. Baba Geti alikaa mbele. Kila alipotupa jicho nyuma, Sindano yupo palepale, hapiti wala habaki. Anangoja nini? Mbona macho hayako barabarani, yako kwenye usukani wangu?

Kengele ikagongwa.

"Shemeji, kaa chini!" Sindano alipiga kelele. "Usisimame! Usivute!"

Baba Geti nusura acheke. Mtu akuambie usivute kwenye raundi ya mwisho, huyo anakutakia nini? Akasimama juu ya pedali, akauvuta usukani kwa nguvu zote za mikono iliyozoea chuma.

Kitu kililia *ta!* Usukani ukamgeukia mikononi kama kuku aliyefungwa kamba mbovu. Alipiga lami kwa bega, kisha nyonga, kisha kofia. Sindano naye akaanguka nyuma yake, baiskeli yake ikalala katikati ya njia, wengine wakaivaa, vyuma juu ya vyuma. Kutoka chini ya rundo lile, akihema, akijishangaa kuwa hai, Baba Geti aliona jambo moja waziwazi: Sindano, kiwiko kikivuja damu, aliinama akaokota kitu kidogo barabarani, akakitia mfukoni upesi. Ndipo akaja kumshika mkono.

Hospitali walimfunga mfupa wa bega. Nyumbani walimngoja mama mkwe kwenye kiti kikubwa, mke pembeni yake, Sindano mlangoni.

"Huyu alitaka kuniua," Baba Geti akasema. "Atoe alichoficha."

Mkewe alisimama. "Baba Geti, neno hilo ukilisema mbele ya mama halirudi. Ni kaka yangu. Kesho nitakaa upande gani?"

"Atoe!"

Sindano alimwangalia dada yake, akatia mkono mfukoni, akaweka bolti iliyokatika kwenye kiganja cha shemeji yake. "Nilitaka tuiangalie wawili tu, karakanani kwako. Umetaka hadhara."

Baba Geti aliisogeza dirishani. Alitafuta alama za msumeno. Kungekuwa na msumeno, uso ungekuwa bapa wenye mistari. Hii ilikuwa imevutika, imekonda shingoni kama unga uliokandwa, na tundu la ufunguo limepanuka kwa kulazimishwa. Alikata bolti nyingi namna hii, kwa kuzikaza mno, alipokuwa akijifunza kazi. Mikono yake aliijua.

"Hiyo hukazwa kwa vidole viwili," Sindano alisema taratibu. "Ni chuma chepesi. Ulitumia nini?"

Mama mkwe akatoa miwani. Mkewe alikuwa bado amesimama.

"Niliongezea ufunguo bomba upate nguvu," Baba Geti akasema. "Nikakaza mpaka ikalia."

"Bomba!" mama mkwe akasema. "Bomba kwenye baiskeli!"

"Nisamehe, shemeji. Lakini ile bure... bure ya nini?"

"Kila mwaka unasema ni baiskeli. Nilitaka mwaka huu isiwe baiskeli."

Mkewe akaketi, kwenye kiti kilicho karibu na mumewe, ila si karibu sana.

Mbio zile alishinda mwoka mikate, na kombe likakaa dukani kati ya mizani na kikapu cha mikate. Mfupa wa Baba Geti uliunga ukiwa umepinda kidogo. Kiwiko cha Sindano kilipona. Mwaka uliofuata alikuwa wa pili nyuma ya shemeji yake, akasema ni miguu. Mama mkwe aliishi miaka mingi, na hakumpa mkwewe chupa yoyote amkazie kifuniko. Mke hakuondoka. Lile bomba lilichomelewa kwenye geti la bustani ya mama mkwe, lipo hadi leo. Baba Geti bado hupeleka baiskeli yake kwa Sindano. Hukaa kwenye kigoda hapo mlangoni, akiiangalia ile mikono mpaka kazi iishe.