Shamba la Ghorofa ya Nane

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Harith ilikuwa ndefu kiasi cha kumfikisha kazini Ilford na kumrudisha nyumbani. Alitoka Pemba baada ya fujo za uchaguzi, akaomba hifadhi Uingereza, akaambiwa asubiri. Mwaka 2003 ulimkuta bado anasubiri. Kufanya kazi aliruhusiwa. Kusafiri, hapana: akivuka mpaka tu, ombi lake limekufa, na la mkewe Ummukulthum na binti yao Malak limekufa pamoja nalo.

Basi mtu wa namna hii, anayeishi fleti ya ghorofa ya nane Thamesmead, lifti mbovu, dirisha linafunguka kiganja kimoja ili watu wasianguke, ndiye aliyepewa kazi ya kuchora shamba la jangwani. Dunia nayo ina mizaha yake.

Kazi aliipata kwa Ramesh, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mwenye ofisi ya kuchora ramani juu ya duka la vitambaa Ilford. Skuli moja ya Omani, bara mbali na pwani, katika kijiji cha mitende kinachoishi kwa mfereji mmoja wa maji ya mlimani, ilitaka shamba la kufundishia. Wanafunzi wajifunze kuirudishia uhai ardhi iliyochoshwa na chumvi. Harith, aliyekuwa bwana shamba kwao, aliivamia kazi ile kama mtu aliyetoka kwenye homa anavyouvamia uji. Mitende juu kwa kivuli, ndimu chini yake, kunde chini kabisa. Zizi la mbuzi karibu, na kila kilichotoka ardhini kirudi ardhini.

Lakini si wazimu wa mbolea peke yake uliomsukuma. Mwendo mfupi kwa gari kutoka skuli ile, kwa dada yake Ghalia, ndiko alikohamishiwa mama yao. Miguu ya mama ilikuwa imeanza kumkataa, na sauti yake kwenye simu ilizidi kuwa ndogo. Ramesh alishasema: atakayechora ndiye atakayekwenda kusimamia. Harith hakumwambia kwamba hawezi kwenda. Alijipa moyo kuwa karatasi zake zitatoka kabla ramani haijaisha, kwa hiyo akachora polepole, na kila alichokimaliza akakianza upya.

Jioni moja Ummukulthum alirudi kutoka kwenye kazi yake ya kulea wazee, akainama juu ya meza, buibui bado mwilini.

"Baba Malak, hii ndiyo Omani?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona hapa ni kwa mama yako, kule Pemba?" Akaweka kidole. "Baraza hii. Mlango wa jikoni huu. Na matuta ya viazi pale kwenye mteremko."

Harith akatazama, aibu ikampanda mpaka masikioni. Matuta! Pemba mvua haina adabu, ndiyo maana udongo huinuliwa na mitaro huchimbwa ili maji yakimbie. Katika nchi ambayo maji hugawanywa kwa zamu, yeye na cheti chake cha kilimo alikuwa amechora njia ya kuyafukuza.

"Mie nataka kwenda nikamwone," alisema.

"Najua, mume wangu. Lakini Ramesh hajui. Unamweka mtu wa watu kwa safari usiyoweza kuifunga."

Asubuhi alikwenda Ilford akasema yote. Ramesh alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Ungeniambia tu, Harith. Mimi nilipotoka Kisumu nilikuwa na passport ya Malkia wa Uingereza mfukoni, na bado nilingojeshwa mlangoni mwa nchi hii. Lakini hii skuli nayo haiwezi kungoja."

"Nenda wewe," Harith alisema, na neno lile lilikuwa chungu kama shubiri.

Akafuta matuta. Mahali pake akachora majaruba, kama yale ya mpunga mabondeni kwao, ardhi imeshushwa chini na kuzungushiwa kingo ili tone likiingia lisipate pa kutokea. Alijua vizuri hali ya kitu cha namna hiyo. Baraza hakuifuta, wala mlango wa jikoni. Ramesh alipouliza, alisema wanafunzi nao wanataka pa kukaa.

Mwaka uliofuata shamba lilifunguliwa. Ghalia alimpeleka mama kwenye sherehe, na alasiri simu ikalia Thamesmead.

"Kaka, mama kagoma kuondoka. Hebu sema naye."

Simu ikabadilishwa mkono.

"Harith mwanangu," mama alisema, na sauti safari hii haikuwa ndogo hata kidogo. "Nimekaa barazani pangu. Jikoni kulekule. Nikajisemea, hii ni kazi ya mwanangu, basi atatokea mlangoni sasa hivi. Wenzangu wamekwenda zao, mie nakutazamia tu. Uko wapi?"

Harith alikuwa amesimama dirishani. Alikuwa amepenyeza mkono nje bila kujua, na kioo kilikuwa kimeugomea kwenye kiwiko. Alitaka kusema kweli. Hakuweza.

"Nipo njiani, mama."

Akamsikia Ghalia, pembeni, akivuta pumzi.

"Haya," mama alisema, akitulia. "Basi nakungoja hapahapa."