Kifua cha Mpakiaji Saruji

Asubuhi ya Jumanne, mwalimu wa biolojia alikuwa akimpigia mumewe shati pasi alipoona kifua cha mume huyo kimekuwa kioo. Kilikuwa kioo safi, kuanzia shingoni hadi kitovuni, na ndani kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Baba watoto, usivae kwanza. Hebu simama hapa dirishani."

Mumewe alikuwa mpakiaji saruji kiwandani kwa mwaka wa kumi na tisa. Akasimama, huku akitafuta soksi kwa macho.

Mwalimu alifuatisha kwa kidole, kama afanyavyo ubaoni. Damu iliyokwisha kuzunguka mwili iliingia upande wa kulia wa moyo, rangi yake nzito, karibu na zambarau. Moyo ukaikamua, ikaenda mapafuni. Huko damu hutua hewa chafu, huchukua safi, hurudi upande wa kushoto ikiwa nyekundu ya kung'aa, tayari kusukumwa hadi kwenye vidole vya miguu. Ndivyo alivyofundisha miaka yote.

Lakini damu ya mumewe ilirudi vilevile ilivyokwenda, ya zambarau.

Akangoja mzunguko wa pili. Vilevile. Akakaa kitandani. Mapafu ya mumewe yalikuwa ya kijivu, yameganda kama mfuko wa saruji ulionyeshewa mvua.

"Nini tena?"

"Damu yako inakwenda mapafuni bure."

"Mbona napumua?" akauliza, akakohoa. Shati likaungua chini ya pasi iliyosahauliwa.

Kwenye zahanati ya kiwanda walikuta foleni. Wapakiaji kumi na mmoja walikuwa wamefungua mashati, vifua vyao vioo, wakibishana kuhusu mpira. Mwalimu aliona mioyo yote ikichapa kazi, ikizungusha damu ileile ya zambarau. Akamwingiza mumewe kwa daktari.

Daktari aliweka kifaa chake cha kusikilizia juu ya kioo.

"Mapigo sabini na mawili. Moyo mzuri sana. Arudi kazini."

"Daktari, tazama rangi!" Sauti ya mwalimu ilipasuka. "Tazama tu!"

"Mama, mimi nimeajiriwa kusikiliza."

Ijumaa kiwanda kiligawa makoti mapya, mazito, yenye vifungo hadi kidevuni. Barakoa hazikuwamo. Wapakiaji walisema yamewakaa vizuri.

Jumamosi mwalimu alimfunga mumewe vifungo, kimoja baada ya kingine. Alipofika usawa wa moyo, akaacha kufunga, akaitazama damu.

"Funga, mke wangu," mumewe akasema. "Gari la zamu limefika."